Makali ya mnyororo ndiyo roho ya msumeno wa kukatia miti

WAHENGA walinena kuwa mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Methali hii yafaa kukumbukwa na kila mkulima, mpasuaji mbao au muuza kuni anayekusudia kununua msumeno wa mnyororo, ambao wengi nchini huuita pawaso.

Mara nyingi mnunuzi huingia dukani akiwa na swali moja tu: injini ina nguvu kiasi gani? Ni nadra kumsikia akiuliza kuhusu mnyororo, ilhali kazi ya injini ni kuuzungusha tu. Kinachokata mti ni meno madogo ya chuma yaliyofungwa kwenye mnyororo huo.

Matokeo ya kusahau jambo hili yanaonekana katika vijiji vingi. Misumeno ya bei ghali hunguruma kutwa ikitoa moshi na vumbi, mbao hutoka zikiwa zimepinda, na injini huungua kabla ya muda wake. Kibaya zaidi, mfanyakazi hulazimika kuukandamiza msumeno kwa nguvu za mwili wake, na hapo ndipo ajali hutokea.

Suala hili lilipata uzito zaidi baada ya serikali kupiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii mnamo Februari 2018. Ingawa Rais William Ruto alitangaza Julai 2023 kuwa marufuku hiyo ingeondolewa, miaka hiyo iliwafanya wanunuzi wengi wa mbao kugeukia mikaratusi, misaipresi na migrivelia iliyo mashambani mwa watu binafsi. Hivyo basi, msumeno wa mnyororo si chombo cha kampuni kubwa pekee. Ni mali ya kijana wa kijijini anayeitwa kukata mti mmoja leo na mwingine kesho.

Funzo kutoka kwa mdudu

Misumeno ya kwanza ya aina hii ilikuwa mizito na ilihitaji watu wawili kuiinua. Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo uliotumia umeme mnamo 1926, na baadaye wa petroli mnamo 1929. Hata hivyo, minyororo ya enzi hizo ilikuwa na meno yaliyofanana na ya msumeno wa mkono. Ilikuwa migumu kunoa na ilipoteza makali upesi.

Mabadiliko makubwa yalikuja mnamo 1946. Mkata miti wa Marekani, Joseph Buford Cox, alimtazama buu wa mbawakawa akitafuna gogo katika msitu wa jimbo la Oregon. Aligundua kwamba taya za mdudu huyo zilikuwa zimepinda, naye alikuwa akila mti kwa kukata upande wa kulia kisha wa kushoto.

Cox aliiga umbo hilo, na mwaka uliofuata akaanza kuuza minyororo yake mjini Portland. Hadi leo, takriban minyororo yote inayouzwa madukani imejengwa kwa msingi huo: jino la kulia hufuatwa na la kushoto, kila moja likiwa na umbo lililopinda. Anayefahamu jambo hili huelewa mara moja kwa nini jino hunolewa kwa tupa ya mviringo wala si tupa bapa.

Kuchagua injini kulingana na kazi

Nguvu za msumeno hupimwa kwa ujazo wa injini yake, yaani sentimita za ujazo, ambazo mafundi huziita sisi. Kosa la kawaida ni kununua injini kubwa kuliko kazi iliyopo, au ndogo mno kisha kuilazimisha.

Kwa mkulima anayepogoa matawi na kukata kuni za nyumbani, msumeno wa sisi 30 hadi 40 wenye upau wa inchi 14 au 16 unatosha. Upau, ambao mafundi huuita baa, ni kile kipande kirefu cha chuma ambacho mnyororo huzunguka juu yake.

Anayeangusha miti ya ukubwa wa wastani, mathalani mikaratusi inayouziwa viwanda vya majani chai kama kuni, ahitaji sisi 50 hadi 60 na upau wa inchi 16 hadi 20. Naye anayepasua magogo kuwa mbao hana budi kutafuta sisi 70 au zaidi, kwa kuwa kukata gogo kwa urefu wake huichosha injini mno kuliko kulikata kwa upana.

Wakazi wa nyanda za juu kama vile Nyandarua, Molo na Timboroa wana jambo jingine la kuzingatia. Hewa huwa nyepesi kadiri mtu anavyopanda mlima, na injini hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kimo. Katika kimo cha mita 2,400, karibu robo ya nguvu zilizoandikwa kwenye kijitabu cha msumeno huwa zimetoweka.

Kwa sababu hiyo, kabureta ya msumeno unaotumiwa maeneo hayo hupaswa kurekebishwa na fundi mwenye ujuzi ili petroli isizidi hewa. Isitoshe, mtu wa milimani ndiye anayehitaji mnyororo mkali kuliko mwingine yeyote, kwa kuwa hana nguvu za ziada za kupoteza.

Misumeno ya umeme na ile ya betri pia inapatikana. Ile ya waya hufaa karakana iliyo karibu na stima, nayo ya betri hufaa kupogoa miti ya matunda na ua. Mnyororo wake hunolewa kwa njia ile ile, ila sharti betri itolewe au waya uchomolewe kwanza.

Mambo ya kukagua dukani

Jambo la kwanza ni breki ya mnyororo. Hiki ni kile kinga kilicho mbele ya mshikio wa juu, ambacho kikisukumwa mbele husimamisha mnyororo mara moja. Baadhi ya misumeno mikubwa ya miundo ya zamani haina breki hiyo, na anayeununua kwa sababu ya nguvu zake anapaswa kujua hatari anayojitwika.

Hatari yenyewe ni msumeno kuruka nyuma. Sehemu ya juu ya ncha ya upau ikigusa mti au tawi ghafla, meno hunasa na msumeno wote hurushwa kuelekea uso au shingo ya anayeushika. Tukio hilo huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na hakuna mkono uwezao kulizuia.

Pili, mnunuzi achunguze iwapo mishikio imetenganishwa na injini kwa springi au mpira. Mtetemo wa muda mrefu hudhuru mishipa ya damu na neva za vidole, vikafa ganzi na kubadilika rangi kuwa vyeupe hasa wakati wa baridi.

Tatu, aulize kuhusu vipuri. Msumeno wa bei nafuu usio na vipuri mjini hugeuka kuwa chuma chakavu siku kebo, pistoni au kabureta inapoharibika. Aidha, bidhaa ghushi zimeenea, hivyo ni busara kununua kwa muuzaji anayetoa risiti na dhamana, na kulinganisha nambari iliyopigwa chapa kwenye msumeno na ile iliyo kwenye stakabadhi.

Tarakimu tatu za mnyororo

Mnyororo huchakaa na kubadilishwa mara nyingi katika maisha ya msumeno mmoja. Anayekwenda kununua mwingine hapaswi kusema tu kuwa anataka "cheni ya inchi 18". Anahitaji tarakimu tatu, ambazo kwa kawaida huwa zimeandikwa kwenye upau karibu na injini.

Ya kwanza ni nafasi kati ya viungo. Hupatikana kwa kupima umbali kutoka ribiti moja hadi ya tatu, kisha kugawanya kwa mbili. Nafasi zinazopatikana sana ni inchi 0.325, inchi 3/8 na inchi 0.404. Kuna pia inchi 3/8 ya meno mafupi, ambayo hufungwa kwenye misumeno midogo.

Ya pili ni unene wa vile viungo vya chini vinavyoingia katika mfereji wa upau. Huwa milimita 1.1, 1.3, 1.5 au 1.6. Kiungo kinene hakiingii kwenye mfereji mwembamba, nacho chembamba hucheza ndani ya mfereji mpana na kuufanya mnyororo ulale upande.

Ya tatu ni idadi ya viungo hivyo vya chini. Kwa kuwa minyororo mingi hukatwa dukani kutoka kwenye bunda refu, kukosea idadi kwa kiungo kimoja au viwili kwatosha kumrudisha mnunuzi mjini kwa nauli nyingine.

Aidha, gia inayovuta mnyororo yafaa kubadilishwa kila baada ya minyororo miwili hivi kuchakaa. Mnyororo mpya ukifungwa kwenye gia iliyolika huharibika upesi sana.

Dalili za mnyororo butu

Mnyororo hujieleza wenyewe. Mkali hutoa vipande vidogo vya mti vinavyofanana na maganda, na huzama ndani ya gogo kwa uzito wa msumeno pekee. Ukianza kutoa vumbi laini kama unga, tayari ni butu.

Dalili nyingine ni moshi kutoka mahali pa kukata ilhali mafuta ya kulainisha hayajaisha, na haja ya kuukandamiza msumeno. Ukikata kwa kupinda kuelekea upande mmoja, huenda meno ya upande mmoja ni marefu au makali kuliko ya upande wa pili.

Adui mkubwa wa makali si mti bali ni mchanga. Gogo lililoburutwa kwenye matope hubeba chembe za mchanga ndani ya maganda yake, na ncha ya upau ikigusa ardhi kwa sekunde moja tu, kazi ya kunoa ya asubuhi nzima hupotea. Mfanyakazi mwangalifu huambua maganda yenye udongo au kuweka kipande cha mti chini ya gogo kabla ya kulikata.

Namna ya kunoa

Kazi ya kunoa huanza kwa kuzima injini na kuiacha ipoe. Mikono ivikwe glavu. Upau ufungwe kwenye jiliwa au ukazwe katika mwanya uliokatwa kwenye kisiki, kisha mnyororo usafishwe kwa brashi hadi meno yaonekane wazi.

Hatua inayofuata ni kuchagua tupa ya mviringo yenye kipimo sahihi. Mnyororo wa inchi 3/8 wa meno mafupi hunolewa kwa tupa ya milimita 4. Ule wa inchi 0.325 huhitaji milimita 4.8, nao wa inchi 3/8 wa kawaida huhitaji milimita 5.2 au 5.5 kutegemea mtengenezaji. Wa inchi 0.404 hutumia milimita 5.5. Tupa nyembamba mno huchimba jino kwa chini na kulidhoofisha, ilhali nene mno huliacha bila ukali.

Kisha mnoaji atafute jino fupi kuliko yote na kuanza nalo, kwa sababu meno mengine yote yatapaswa kufikishwa kwenye urefu wake. Jino refu likiachwa, ndilo litakalokata peke yake huku mengine yakisindikiza.

Tupa hushikwa ikiwa imelala sawa, na kuelekezwa kwa pembe ya digrii 30 kwa minyororo mingi. Watengenezaji wengi huchora mstari juu ya kila jino kuonyesha pembe hiyo. Moja kwa tano ya unene wa tupa inapaswa kuonekana juu ya jino, sehemu iliyosalia ikiwa ndani ya upinde wake.

Tupa husukumwa upande mmoja tu, kutoka ndani ya jino kuelekea nje, na kuinuliwa wakati wa kurudi. Anayeivuta mbele na nyuma kama msasa huifisha tupa na kuacha ncha ya jino ikiwa na mabaki ya chuma. Misukumo mitatu hadi mitano yatosha kwa kila jino, na idadi iwe sawa kwa yote.

Meno ya upande mmoja yakimalizika, msumeno hugeuzwa na kazi kurudiwa kwa upande wa pili. Ikiwa jino lilikutana na msumari au jiwe, halina budi kusuguliwa hadi sehemu yote iliyoharibika iishe. Safu nyembamba ya kromu iliyo juu ya jino ndiyo ibebayo makali, nayo ikiwa imechubuka mbele, jino halitakata hata likimeremeta.

Mnoaji stadi hasubiri mnyororo ufe. Hupitisha tupa mara mbili au tatu kwa kila jino anapojaza petroli, kazi inayochukua dakika chache. Anayengoja hadi jioni hulazimika kusugua chuma kingi na hufupisha maisha ya mnyororo.

Baadhi ya karakana hunoa kwa mashine ya kusaga vyuma inayoshikwa kwa mkono. Njia hii ni ya haraka lakini ina hatari zake. Jino likipata joto hadi kugeuka rangi ya samawati, ugumu wa chuma chake huwa umeharibika, na tangu hapo litakuwa butu kila baada ya muda mfupi.

Nundu inayosahaulika

Mbele ya kila jino kuna nundu ndogo ya chuma ambayo wengi hudhani ni pambo. Nundu hiyo ndiyo inayoamua jino litazama kiasi gani ndani ya mti. Katika minyororo mingi, inapaswa kuwa chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65 hivi, chini kidogo ya unene wa kadi ya benki.

Jino linolewapo hufupika na kushuka, kwa sababu mgongo wake umeinama kuelekea nyuma. Nundu nayo hubaki pale pale. Baada ya kunoa mara kadhaa, nundu huwa imefikia kimo cha jino, na mnyororo hukataa kukata ingawa ni mkali kama wembe. Wengi huutupa wakidhani umeisha.

Tiba yake ni kupunguza nundu kwa tupa bapa kila baada ya kunoa mara tatu hadi tano, kwa kutumia kipimo cha chuma kinachouzwa pamoja na tupa, kisha kuulainisha ukingo wake wa mbele. Lakini kuzidisha ni hatari. Nundu ikishushwa kupita kiasi, jino huuma mti kwa pupa, injini hukwama, na uwezekano wa msumeno kuruka nyuma huongezeka.

Sehemu ya juu ya jino ikisalia na urefu wa milimita 4, mnyororo umefika mwisho. Kuendelea kuutumia ni kukaribisha jino kukatika na kuruka kama risasi.

Hasara ya wapasuaji mbao

Wapasuaji wengi wa vijijini hutumia mnyororo ule ule kuangusha mti na kupasua mbao. Ukweli ni kwamba pembe ya digrii 30 imekusudiwa kukata nyuzi za mti kwa upana. Kwa kupasua kwa urefu, minyororo maalumu hunolewa kwa pembe ya digrii 10 hivi, na ubao hutoka ukiwa laini zaidi.

Hesabu ndogo yaonyesha ukubwa wa hasara iliyopo. Msumeno wa mnyororo waweza kula milimita 10 za mti kwa kila mpasuo, ilhali msumeno wa ukanda katika kiwanda hula takriban milimita 3. Kutoka kwenye boriti yenye unene wa milimita 300, mwenye kiwanda hupata mbao 10 za milimita 25, naye mwenye msumeno wa mnyororo hupata 8.

Mbao mbili hizo hugeuka vumbi shambani. Mnyororo butu unaoyumba huongeza hasara, kwa kuwa ubao ulio mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine hununuliwa kwa bei ya chini au hukataliwa kabisa. Fremu ya chuma inayofungwa kwenye upau ili kuuelekeza msumeno husaidia kupunguza kasoro hiyo.

Mafuta, mavazi na sheria

Misumeno mingi ya petroli haina mahali pa oili ya injini, bali oili maalumu huchanganywa na petroli. Ikiwa kijitabu kinaagiza uwiano wa 50 kwa 1, lita 5 za petroli huchanganywa na mililita 100 za oili. Petroli tupu huweza kuikwamisha injini kwa dakika chache.

Mnyororo nao una tangi lake la mafuta ya kulainisha. Mazoea ya kutumia oili chafu iliyomwagwa kutoka kwa magari yafaa kukomeshwa, kwani chembe za chuma zilizomo huharibu pampu, na kemikali zake hudhuru ngozi na huweza kusababisha saratani.

Mnyororo ukazwe ukiwa umepoa, kiasi cha kugusa upau kwa chini na bado kuweza kuvutwa kwa mkono. Kazi ikiisha ulegezwe, kwa kuwa chuma hujikunyata kinapopoa. Upau nao ugeuzwe juu chini mara kwa mara ili usilike upande mmoja.

Kofia ngumu, kinga ya uso, viziba masikio, viatu vigumu na suruali maalumu ya kuzuia mnyororo si mapambo ya wageni. Kelele za misumeno hii huzidi desibeli 100, kiwango kinachoua usikivu pole pole. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi wake vifaa vya kujikinga.

Vilevile, ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 kukata mti katika msitu wa umma bila idhini ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Kwa hivyo, anayeitwa kufanya kazi ahakikishe kwanza mti ni wa nani.

Tupa ya mviringo, tupa bapa na kipimo cha nundu ni vifaa vinavyoingia mfukoni, na bei yake ni sehemu ndogo mno ya bei ya msumeno. Anayenunua msumeno bila vifaa hivyo amenunua injini ya kupigia kelele. Wahenga hao hao walisema kinolewacho hupata, na apataye hapa si mnyororo pekee, bali pia mwenye shamba, mwenye mbao na yule anayetaka kurejea nyumbani jioni akiwa na viungo vyake vyote.